Tunaikimbilia chai, tunaichelewesha hospitali

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo halina dawa dukani, wala halimo katika mabango ya magonjwa yanayobandikwa ukutani pale zahanati. Jambo hilo ni haraka. Sisemi haraka ya mtu aliyechelewa kazini siku moja moja. Nasema ile haraka ambayo imekuwa ndio mwendo wa nyumba nzima, kuanzia adhana ya alfajiri mpaka taa zinapozimwa, kiasi kwamba mtu akikaa kitako dakika kumi bila kushika kazi anajiona kama ameiba.

Zitazame nyumba zetu nyingi za mjini asubuhi. Baba katoka msikitini, anavaa shati huku anatafuna. Mama anachemsha chai, anamfunga binti mtandio, anatafuta soksi moja iliyopotea, na nje honi ya gari la shule inalia. Mtoto anaambiwa “kunywa upesi”, naye anakunywa upesi. Chooni hakwenda, hakuna muda. Sasa watu wa nyumba hiyo hiyo, usiku mtoto akishikwa na degedege, utashangaa. Kwanza anasubiriwa mjomba, kisha panatafutwa mafuta ya kumpaka, halafu mtu mzima mmoja anasema tungoje kukuche.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo hoja yangu. Haraka tunayo, tena nyingi, lakini tumeiweka mahali isipotakiwa na kuikosa mahali inapotakiwa. Methali ya haraka na baraka sitaihubiri, kwani wote tunaijua, na hata madereva wanaiandika nyuma ya magari yao kisha wanaendesha kama wanavyoendesha. Nitasema yale ambayo mtu wa kazi yangu anayaona kwa macho na kuyapima kwa mashine.

PRESHA YA MBIO

Alifika mama mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anataka kupima presha. Ameteremka daladala, ametembea juani, amebishana na konda juu ya chenji, na haja ndogo imembana tangu alikotoka. Hajakaa vizuri, kanyoosha mkono: “Nipime haraka mwanangu, nimeacha mzigo sokoni.” Mashine ikasoma 162 kwa 98. Akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ndio tayari ameingia kwenye dawa za maisha.

Nikamwambia, mama, nenda kwanza msalani. Aliporudi nikamkalisha kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini, asikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Tukangoja. Nilipopima tena ikasoma 138 kwa 86. Ni mama yule yule, mashine ile ile, na mkono ule ule.

Utaratibu wenyewe unajulikana, na si siri ya waganga. Kabla ya kupimwa presha, mtu apumzike akiwa ameketi kwa dakika 5. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika dakika 30 zilizopita. Kibofu kiwe kitupu. Kitambaa cha mashine kifungwe kwenye mkono wenyewe, si juu ya mkono wa baibui au koti. (Dada zetu wanaona haya hapa, na haya ni jambo jema, lakini pazia lipo na muuguzi wa kike yupo, ombeni.) Na kwa kawaida mtu hahesabiwi kuwa ana shinikizo la damu kwa kipimo cha siku moja. Hupimwa tena siku nyingine, na ndipo ikionekana inarudi 140 kwa 90 au zaidi, mazungumzo ya dawa yanaanza, isipokuwa kama imepanda mno au kuna dalili nyingine za hatari.

Hapa nisieleweke vibaya. Mama yule sikumwambia aende akalale, kwa sababu 138 kwa 86 si ya kujisifia. Aliambiwa apunguze chumvi, atembee, na arudi. Na wewe uliyekwisha anza dawa za presha usiziache kwa kusoma gazeti. Ninachosema ni kwamba zikikosekana dakika tano, mmoja atapewa dawa asiyoihitaji, na mwingine atavunjika moyo wa kupima kabisa. Kama mhudumu anataka kukupima ukiwa unahema, una haki ya kumwambia kwa adabu, naomba nipumzike kwanza. Na mhudumu naye anajua kwamba wewe ndiye uliyekuwa unagonga mlango ukisema umechelewa!

Kipimo cha malaria cha haraka ni vivyo hivyo. Kinaitwa cha haraka, lakini kinahitaji dakika 15 hadi 20 kutegemea aina yake. Ukilazimisha kisomwe baada ya dakika tatu, mstari hafifu unaweza kuwa haujatokea, ukaambiwa huna, nawe unayo.

KIKOMBE CHA MOTO

Sasa tuje kwenye chai, maana hapa ndipo nataka tukae zaidi.

Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, yaani zaidi ya nyuzi joto 65, huenda kunasababisha saratani ya umio. Umio ni ile njia ya chakula inayotoka kooni kwenda tumboni. Zingatia maneno: hawakusema chai, hawakusema kahawa, walisema moto. Chai ile ile ikipoa kidogo haimo katika tangazo hilo.

Jambo hili linatuhusu kuliko wengi wanavyodhani. Saratani ya umio ni nyingi isivyo kawaida katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi, mpaka Afrika Kusini. Watafiti walikwenda Kilimanjaro wakapima joto la chai wakati watu wanapoanza kuinywa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wengi walikuwa wanapiga funda la kwanza chai ikiwa juu ya hizo nyuzi 65. Ukifikiri utaona sababu. Kwetu maziwa hayamiminwi baridi juu ya chai kama wafanyavyo Waingereza. Maziwa, majani na maji vinachemka sufuria moja, vinaingia kwenye chupa ya kutunza joto, vinatoka humo moja kwa moja kwenda kikombeni, na mtu tayari ana mguu mmoja mlangoni.

Wapo ndugu zetu wanaojipa moyo kwamba saratani ya koo ni ya wanywa pombe na wavuta sigara, nao hawamo. Ni kweli kwamba pombe na tumbaku ni visababishi vikubwa, na alhamdulillahi kwa aliyeepushwa. Lakini madaktari wa ukanda huu wanawapokea pia wagonjwa ambao hawakuonja hata kimoja kati ya hivyo. Na ugonjwa wenyewe huja kimya. Kwanza nyama inakwama, mgonjwa anasukumia na maji. Baadaye ugali unakwama, anahamia wali laini, kisha uji. Anakonda. Kwa miezi yote hiyo anatibiwa vidonda vya tumbo dukani, au anaambiwa ametupiwa kitu. Ukiona chakula kigumu kinakwama kwa zaidi ya wiki mbili, wewe au mzee wako, nenda hospitali ukaombe kuangaliwa kwa kamera. Hilo nalo ni la kufanyia haraka, na nitalirudia hapa chini.

Tufanyeje basi? Jambo lenyewe ni jepesi mno kiasi cha kudharauliwa: mimina chai kwanza, ndipo uvae. Vikombe vikitangulia mezani, vikakaa wazi muda wa mtu kuvaa na kukunja kitanda, chai inashuka yenyewe. Kama ukiionja bado inakuunguza ulimi, basi bado. Wazee wa pwani walikuwa wakimimina chai kwenye kisosi wakanywa humo, na sisi vijana tukawacheka. Kisosi ni kipana, chai inapoa upesi. Wanywaji wa kahawa barazani nao wajue kwamba udogo wa kikombe haupunguzi moto wake.

Tulipokuwa chuoni, ustadhi wetu alitufundisha adabu za kunywa kabla hata hatujamaliza juzuu ya kwanza. Uketi, utaje jina la Allah, usipumulie ndani ya chombo, na unywe kwa vituo vitatu, si kwa kugugumia. Tulizikariri, tukafanyiwa mtihani, tukafaulu. Mimi sipendi tabia ya kuitafutia kila Sunna ushahidi wa maabara, kana kwamba isipothibitishwa na mashine itatupungukia. Sunna inafuatwa kwa kuwa ni Sunna. Nasema tu kwamba mtu anayeketi na kunywa kwa vituo hana namna ya kuteremsha kikombe kizima cha moto kooni akiwa amesimama mlangoni.

Kabla hatujaiacha chai, kuna mtoto anayetambaa. Chupa na vikombe viko juu ya mkeka, mama kageuka kutafuta ile soksi, mtoto kavuta. Watoto wengi wanaoletwa na majeraha ya moto hawakuungua kwa moto wenyewe, bali kwa chai, uji na maji yaliyochemka. Ikitokea, vua nguo iliyolowa, na mimina juu ya jeraha maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Nimesema 20. Wengi humwagia kata moja, kisha wanakimbilia dawa ya meno, ute wa yai au mafuta ya taa, na sisi tunaanza kazi kwa kukwangua uchafu huo huku mtoto analia. Kama bomba halina maji, chota kwenye ndoo taratibu na uendelee. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi, kisha mlete.

KULA NA HAJA

Juu ya chakula nitasema kwa ufupi. Tumbo linachukua kiasi cha dakika 20 kuujulisha ubongo kwamba limeshiba. Anayemaliza sahani kwa dakika tano ataongeza ya pili kabla habari hazijafika. Kazi ya kusaga ni ya meno, si ya tumbo, na tumbo halina meno. Mwezi wa Ramadhani tumepewa mpango mzuri wa tende na maji, kisha Magharibi, ndipo chakula, ambao unampa mtu kituo hasa pale njaa inapomsukuma. Lakini angalia tunavyoufanya, bakuli la uji wa moto na sambusa nne zimepita kabla ya iqama. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima wala pipi ngumu, na asile huku anakimbia. Kupaliwa hakungoji gari.

Tena dini yenyewe haikututaka tule kwa kukimbizana. Imepokewa kwamba chakula kikishawekwa na Swala ikakimiwa, mtu aanze na chakula wala asikifanyie pupa mpaka amalize. Na imekatazwa kuswali hali mtu anazuia haja kubwa au ndogo. Na anayekwenda msikitini ameelekezwa aende kwa utulivu, asikimbie, akidiriki aswali na kilichompita akitimize. Hebu tujiulize, kama Swala haikimbiliwi, daladala ni nini?

Suala la kuzuia haja ni kubwa kuliko linavyozungumzwa, kwa sababu tunaona aibu. Baada ya kifungua kinywa utumbo huamka wenyewe, na huo ndio wakati ambao mtoto angetakiwa akae chooni kwa raha zake. Ndio wakati huo huo anapovutwa mkono kupandishwa garini. Shuleni choo ni kichafu au hakina maji, hasa binti hawezi, anazuia mpaka alasiri. Siku zikipita kinyesi kinakuwa kigumu, anaumia, anaogopa choo, anazidi kuzuia. Wazazi wanaleta mtoto wa “tumbo la kila siku”, ameshapewa dawa za minyoo mara tatu! Wasichana na kina mama wanaozuia mkojo kutwa nzima wanajiweka katika hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. Wafundisheni mabinti kunywa maji ya kutosha, kwenda haja wakati inapowajia, kukaa mpaka mkojo uishe, na kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma.

Yote haya yanahitaji kiasi cha robo saa zaidi ya asubuhi, na robo saa hiyo haipatikani asubuhi. Inapatikana usiku. Mtu mzima anahitaji usingizi usiopungua saa 7, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ilikuwa awe amelala saa mbili usiku. Sasa nani analala saa mbili usiku katika nyumba yenye televisheni na simu tatu? Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha, nasi ndio kwanza tunafungua simu.

Kuna jambo moja litawaudhi baadhi ya wasomaji wanaume. Haraka ya nyumba, ukiichunguza, ni haraka ya mama. Yeye ndiye anayefanya mambo sita kwa wakati mmoja, na wengine wanamkimbiza. Baba akimimina chai, akamvalisha mmoja, akatafuta hiyo soksi, nyumba yote inapunguza mwendo. Hili si jambo geni, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani mwake kazi zao, na Swala ikifika akatoka kwenda kuswali.

HAPA SASA KIMBIENI

Niliahidi kurudi huku. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiyeamka, au anayepumua kwa taabu na mbavu zinaingia ndani, huyo hangojewi kukuche. Akiwa katika degedege mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mtu mmoja atoke kutafuta gari.

Mjamzito anayetokwa na damu, au mwenye kuumwa kichwa kikali na macho yanayoona ukungu, au aliyepata degedege, au ambaye mtoto amepunguza kucheza tumboni, naye vivyo hivyo. Kina mama wengi wanapotea kwa sababu uamuzi umechelewa. Mume yuko safarini, simu haipatikani, mama mkwe anasema mimi nilizaa saba hapa hapa. Ndugu yangu uliyeoa, toa idhini leo, mbele ya mama yako na ndugu zako, kwamba mkeo akipata dalili hizi apelekwe bila kukungoja. Weka nauli mahali panapojulikana, na namba ya jirani mwenye bajaji au gari iandikwe ukutani.

Na mzee ambaye ghafla mdomo umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa, na si kila hospitali inayo. Hata pasipo dawa hiyo, anayefika mapema hutunzwa vizuri zaidi. Msimpe aspirini nyumbani, kwani kiharusi kingine ni cha mshipa uliopasuka, nayo itazidisha kuvuja. Msimnyweshe kitu chochote, hata Zamzam, kwa sababu koo lake huenda limepooza na maji yakaingia kwenye mapafu. Anayetaka kumsomea amsomee ndani ya gari, na gari liwe linakwenda.

Mmoja wenu aandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, na abebe kadi ya kliniki na dawa anazotumia. Mkifika msikae mwisho wa foleni kwa heshima. Nendeni dirishani mseme kwa sauti kwamba huyu ni mgonjwa wa dharura, na mtaje dalili yenyewe.